Vitita vya maharage machanga na bekoni kwa asali ya Tabora: mwongozo kamili wa mboga ya sikukuu

Saa saba mchana siku ya Krismasi, watu wakirudi kutoka kanisani, jikoni kwetu Tabora pilau huwa limeshapaliwa mkaa, kuku wa kienyeji ameiva na kachumbari inangoja chumvi tu. Kinachobaki nyuma kila mwaka ni mboga. Kabichi iliyokaangwa asubuhi imeshanywea na kutoa maji, na anayeinuka kwenda kukaanga nyingine ni mama mwenye nyumba, wakati wageni wake wameshakaa na wanamuulizia. Mboga ninayoieleza hapa nimeipenda kwa sababu hiyo: karibu kazi yake yote inafanyika mkesha, na siku yenyewe inahitaji nusu saa ya moto na mtu mmoja wa kuitazama.

Ni maharage machanga, yale mabichi ya kijani yanayoliwa na maganda yake, yaliyofungwa manane manane kwa ukanda wa bekoni, yaani nyama ya nguruwe iliyokolezwa chumvi, kama kitita cha kuni, yakaokwa mpaka bekoni ikakauka kingo, kisha yakapakwa asali na kitunguu saumu dakika za mwisho. Marekani chakula hiki kimezoeleka sana kwenye meza za sikukuu, na huko wengi hupaka siagi iliyochanganywa na sukari ya kahawia. Sisi tunaokaa Tabora hatuna sababu ya kununua sukari ya kahawia. Asali ipo, na inakaa vizuri zaidi na nyama.

Vipimo hivi ni vya vitita 24, yaani watu 12 kila mmoja viwili:

- maharage machanga kilo 1
- bekoni vipande virefu 12 (gramu 350 hadi 400), kila kimoja kikatwe katikati
- asali vijiko 3 vya chakula
- siagi vijiko 2 vya chakula
- soya sosi kijiko 1 cha chakula
- kitunguu saumu punje 3, zilizotwangwa
- pilipili manga nusu kijiko cha chai
- ndimu nusu
- chumvi ya kutia kwenye maji ya kuchemshia
- vijiti vya meno 24

Kuchagua maharage

Sokoni usinunue kwa macho peke yake. Chukua harage moja, likunje. Likivunjika kwa mlio na ukaona unyevu pale lilipokatika, hilo ni changa. Likipinda kama kamba, limelala siku nyingi. Ukiona mbegu zimetokeza nje ya ganda, achana nayo, kwa sababu nyuzi zake zitabaki mdomoni hata uyachemshe vipi. Chagua yanayolingana urefu, maana kitita chenye harage refu na fupi hakifungiki vizuri.

Maharage machanga hayapatikani kila siku, na wiki ya Krismasi wanunuzi ni wengi. Ukiyakosa, tumia karoti zilizochanwa vipande virefu vya unene wa kidole kidogo. Kwa Pasaka, kunde zikiwa zimeweka maganda machanga mashambani, hayo nayo yanafaa sana. Mimi hata nayapendelea, kwa kuwa yana utamu wa kwetu.

Bekoni: ya kununua au ya kujitengenezea

Ukipata bekoni ya pakiti, chukua iliyokatwa nyembamba. Nene hukataa kukauka, na ukiisubiri maharage yanalegea. Angalia pia imekaaje dukani: pakiti iliyovimba, au iliyojaa maji yenye utelezi, irudishe.

Lakini Tabora bekoni ya pakiti si kitu cha kukuta kila duka, wakati nyama ya nguruwe ipo. Ndiyo maana mimi hujitengenezea, na sehemu hii naomba uisome taratibu.

Nenda bucha ya kitimoto mapema, kabla hawajakatakata, umwombe muuzaji nyama ya ubavu wa chini, upande wa tumbo, isiyo na mifupa. Usimwambie tu "nyama ya tumbo," atakufungia utumbo. Mwoneshe kwa kidole: ile yenye tabaka la mafuta, tabaka la nyama, kisha mafuta tena. Mwambie, "Kaka, nataka kipande kizima cha kilo moja, usikikate." Uliza nyama imekaguliwa, na uangalie mhuri wa mkaguzi. Kisha itazame kwa jicho lako. Vijifuko vyeupe vya maji, vya ukubwa wa punje ya mchele au kuzidi kidogo, vilivyojificha katikati ya nyama, ni viluwiluwi vya minyoo tegu ya nguruwe. Ukiviona hata viwili, usinunue chochote kutoka kwa nguruwe huyo. Chumvi na moshi si dawa ya kuvitegemea. Kinga yako ni ukaguzi na kuiva kabisa.

Nyumbani, kata ngozi kama bado ipo, futa nyama ikauke. Kwa kilo moja tumia chumvi gramu 25, karibu vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa, asali kijiko kimoja cha chakula, na pilipili manga kijiko kimoja cha chai. Paka kila upande, sugua mpaka kwenye mikunjo. Tia kwenye mfuko safi wa plastiki, toa hewa, funga, weka kwenye bakuli chini kabisa ya friji ili majimaji yake yasidondokee chakula kingine. Kila siku geuza mfuko. Utaona nyama inatoa maji. Usiyamwage, yanaendelea kuingiza chumvi ndani.

Ukiiweka tarehe 18, itoe tarehe 23. Isuuze haraka kwa maji baridi, ikaushe kwa kitambaa safi, irudishe kwenye friji bila kuifunika usiku mmoja ili uso wake ukauke. Tarehe 24 iweke kwenye friza saa moja. Isigande kuwa jiwe, ikakamae tu. Hapo kisu kikali kinaikata vipande vya milimita mbili, kitu ambacho huwezi kukifanya ikiwa laini. Rangi yake haitakuwa ya waridi kama ya dukani, kwa sababu ya dukani hutiwa chumvi maalumu ya kusindikia nyama. Hii yako ikiiva inakuwa kahawia. Haikai muda mrefu pia: ipikwe ndani ya siku chache na iive kabisa.

Kama huna friji, au umeme kwenu unakatika kwa masaa mengi, usifanye zoezi la siku tano. Joto la Tabora linaharibu nyama kabla chumvi haijafika ndani. Nunua nyama asubuhi ya sikukuu, mwombe muuzaji aikate nyembamba kadiri kisu chake kinavyoweza, ipake chumvi kidogo na pilipili manga, ifunge kwenye maharage na kuipika asubuhi hiyo hiyo. Haitakuwa bekoni, ila itakuwa tamu.

Mkesha: kuchemsha juu juu na kufunga

Chambua ncha za maharage, osha. Chemsha maji mengi kwenye sufuria kubwa, tia chumvi kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita mbili. Maji yakitokota kwa nguvu ndipo tia maharage, nusu kwanza na nusu baadaye, ili maji yasipoe. Hesabu dakika tatu tangu yachemke tena. Rangi itageuka kijani iliyokolea, na ukilikunja harage linapinda kidogo kabla ya kuvunjika. Toa upesi, mimina kwenye beseni la maji baridi sana. Ukikosa barafu, badilisha maji mara mbili au tatu, mpaka ukishika harage usisikie joto hata kidogo.

Usiruke hatua hii. Bekoni inahitaji karibu nusu saa kwenye joto. Harage lililoingia bichi kabisa litatoka gumu, na lililochemshwa dakika kumi litatoka kama mlenda. Dakika tatu zinayafikisha mahali ambapo yatamalizia pamoja na nyama.

Sasa yakaushe. Tandaza kitambaa safi mezani, yapange, yafunike na kitambaa kingine, bonyeza kwa viganja. Halafu yaache nusu saa yapigwe na upepo wa dirishani, yakiwa yamefunikwa chandarua cha nzi. Mwaka wa kwanza niliyachuja tu na kuyafunga. Maji yaliyobaki katikati ya vitita yaligeuka mvuke, bekoni ikachemka badala ya kukaangika, ikatoka nyeupe na laini kama nyama ya supu. Tangu siku hiyo huwa nachukua harage moja na kulipitisha mdomoni juu: nikisikia unyevu kwenye mdomo, bado.

Kufunga ni kazi ya kukaa, na watoto wenye mikono safi wanaipenda. Wape kazi ya kuhesabu manane manane na kuyalinganisha, bekoni mbichi uishike wewe. Laza maharage juu ya ubao, yapige ncha zilingane. Chukua nusu ya kipande cha bekoni, ivute kidogo kwa vidole ili irefuke, anza kuzungusha katikati ya kitita, kila mzunguko ukipanda kidogo juu ya mwenzake. Mizunguko miwili inatosha. Ukizungusha mara nne, bekoni ya ndani haitaiva. Kaza kiasi cha kushika, usikaze kama unafunga mzigo wa kuni kwenye baiskeli, kwa kuwa nyama ikiiva inasinyaa na itayakata maharage. Mwisho wa bekoni uwe chini, uuchome na kijiti kilicholoweshwa kwenye maji nusu saa. Kijiti kipite upande wa pili kionekane.

Panga vitita kwenye trei, funika, weka chini ya friji. Osha ubao, kisu na mikono kwa sabuni na maji ya moto kabla hujagusa kitu kingine. Kachumbari isikatwe kwenye ubao uliolaza nguruwe mbichi.

Asali yenyewe

Tabora hatununui asali kwa kubahatisha, lakini kwa kazi hii chagua ya nyuki wakubwa. Ya nyuki wadogo ni nyepesi, ina uchachu na bei yake iko juu. Hiyo iache kwa kulamba na kwa kikohozi. Tena, ile asali inayotoka kwenye mizinga ya magome huko porini Sikonge au Urambo, iliyorinwa kwa moto hadi ikashika harufu ya moshi, ambayo wengine huikataa kwenye chai, hapa ndiyo nafasi yake. Moshi ule na bekoni ya nyumbani isiyopitishwa kwenye moshi vinakutana vizuri ajabu. Ikiwa imeganda, isimamishe chupa kwenye maji ya vuguvugu. Usiichemshe, itapoteza harufu.

Yeyusha siagi kwenye sufuria ndogo, tia kitunguu saumu, koroga nusu dakika mpaka kinukie, kisipate rangi. Epua. Tia asali, soya sosi na pilipili manga, kamulia ndimu. Usitie chumvi: bekoni ina yake, soya sosi ina yake. Onja. Utamu utangulie, uchachu ufuate nyuma kidogo. Mchanganyiko huu nao unaweza kuufanya mkesha, na kuupasha kidogo siku yenyewe.

Kuoka kwenye oveni

Toa vitita kwenye friji dakika ishirini kabla. Washa oveni nyuzi 200, isubiri ipate moto kwelikweli. Tandaza foili kwenye trei yenye kingo, panga vitita mwisho wa bekoni ukiwa chini, visigusane. Vikibanana, vinatoleana mvuke.

Oka dakika ishirini bila kupaka chochote. Ukitoa trei utaona mafuta yamejaa. Yateke kwa kijiko uyatie kwenye kopo la bati, yatafaa kukaangia viazi. Bekoni inatakiwa iwe imeshaanza kupata rangi na kusinyaa. Hapo ndipo paka nusu ya mchanganyiko wa asali, rudisha dakika saba au nane. Paka iliyobaki, dakika mbili tatu tena, uwe umesimama hapo hapo mlangoni pa oveni. Asali ikifanya mapovu madogo na kung'aa, na kingo za bekoni zikiwa zimekauka, toa.

Kuna mwaka nilipaka asali tangu mwanzo, nikidhani ndivyo itakavyoingia ndani. Haikufika robo saa jiko likajaa moshi. Asali ilikuwa nyeusi na chungu, na bekoni chini yake bado laini. Karibu asilimia 80 ya asali ni sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo ni fruktozi, ambayo huungua kwenye joto dogo kuliko sukari ya chai. Haiwezi kuvumilia nusu saa kwenye nyuzi 200. Asali huja mwisho.

Ukiwa na jiko la mkaa tu

Kama umewahi kuoka keki kwenye sufuria, hili unaliweza. Chukua sufuria kubwa ya chuma au alumini nene, tia mchanga mkavu kimo cha vidole viwili, panga mawe matatu madogo ya kushikilia trei. Funika kwa mfuniko wa bati usio na shimo, weka mkaa uliokolea juu yake. Moto wa juu uwe mara mbili ya wa chini. Ngoja robo saa. Tone la maji ukilidondosha juu ya bati pembeni mwa mkaa lipotee papo hapo kwa kishindo. Hapo ingiza trei.

Trei iwe na kingo za juu, kwa sababu mafuta ya nguruwe yakimwagikia mkaa yanawaka. Yakiwaka, usiyamwagie maji hata kidogo, yatalipuka. Funika kwa mfuniko, sogeza watoto, ngoja yazime. Muda ni ule ule, ila fungua kila dakika kumi uzungushe trei, maana mkaa hauwaki sawa kila upande. Vitita 24 haviingii mara moja. Oka 12, weka kando, oka vingine. Desemba mvua zimeshaanza, kwa hiyo weka mkaa ndani siku mbili kabla ukauke.

Njia ya haraka zaidi ni kikaango. Moto mdogo, bila mafuta, mwisho wa bekoni chini kwanza hadi ushikane. Geuza pande zote, funika dakika tano, funua, acha ikauke, paka asali, geuza mara moja, epua. Inafaa kwa watu wanne. Kwa watu 12 utakuwa umerudi kulekule kusimama jikoni wakati wageni wanakula.

Sinia ya pili

Tabora hakuna Krismasi ya Wakristo peke yao. Majirani Waislamu wanakuja, kama sisi tunavyokwenda kwao Idi, na miongoni mwa Wakristo wenyewe Wasabato hawali nguruwe. Basi fanya sinia mbili, tena kwa uaminifu. Kutoa bekoni juu ya kitita na kumpa mtu maharage yaliyolowa mafuta yake si heshima.

Vitita vya sinia ya pili vifunge kwa jani la liki au la kitunguu cha majani, lililotumbukizwa kwenye maji ya moto nusu dakika likalainika. Fundo moja linatosha. Vipake siagi, vioke dakika kumi, kisha asali ile ile, iliyowekwa kwenye bakuli lake tangu mwanzo na kwa brashi yake. Ubao, trei na kijiko cha kupakulia viwe vile ambavyo havijawahi kugusa nguruwe. Jirani yangu mmoja mtu mzima, ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi, hunipa trei yake mwenyewe nimuokee humo, na sinia hiyo inaingia kwenye sufuria ya kwake, kwenye jiko la kwake. Sioni kero ndani yake. Anakula bila wasiwasi, na mimi namwandalia bila wasiwasi.

Sinia ya nguruwe ikae mwisho wa meza, na useme kwa sauti ni nini. Kaya nyingine humwachia mgeni aulize, na wageni wengi wanaona haya kuuliza. Watoto walio chini ya mwaka mmoja wasipewe kitita chochote kilichopakwa asali. Tumbo lao bado haliwezi kupambana na vijidudu vinavyoweza kuwamo kwenye asali.

Kupakua

Viache dakika tano baada ya kutoka motoni, asali ishike. Kisha chomoa vijiti vyote kabla sinia haijafika mezani: ulichoma 24, toa 24, uvihesabu. Bekoni imeshashikana, kitita hakitafunguka. Pilau likae katikati, vitita pembeni, na kwa kuwa Desemba maembe yameiva, kata moja ambalo halijalainika sana, lichanganye na kitunguu na ndimu kwenye kibakuli, ukiweke karibu. Uchachu wake unakata mafuta ya nyama.

Vikibaki, viweke kwenye friji ndani ya saa mbili. Kesho yake vikatekate, vitie kwenye kikaango kikavu mpaka bekoni ichuruzike mafuta tena, vunjia mayai mawili, ule na ugali wa moto.